Nilivyokwenda London Kumwomba Radhi Mwalimu Dorkasi

Tangu nirudi Itobola sijanywa chai ikiwa moto. Nikishika tu kikombe, mtu anachungulia mlangoni: "Enhe, Mwalimu Leya, lete habari za London!" Nikimaliza kumweleza huyo, chai imepoa na mwingine ameshaingia. Mbaya zaidi, hadithi imeota miguu. Juzi muuza nyanya sokoni aliniuliza kama ni kweli nilicheza mpira mbele ya Wazungu. Sikucheza mpira. Nilivaa skafu tu, na nitaeleza ilikuwaje. Basi ninyi wenzangu wa kwaya na wa ofisi ya walimu, naandika mara moja, mpokezane, mniache ninywe chai.

Kwa walimu wageni, lazima kwanza niseme Mwalimu Dorkasi ni nani. Alikuja hapa akiwa binti wa miaka ishirini na miwili, pamoja na mumewe, Mwinjilisti Zakaria, wakati Itobola haikuwa kijiji bali kipande cha pori kilichofyekwa. Familia saba zilikuwa zimehamia kutafuta ardhi. Barabara iliishia mwendo wa siku mbili nyuma yao, na mbung'o walikuwa wengi kuliko watu. Zakaria alizunguka kuhubiri. Dorkasi alibaki, akakusanya watoto katika banda la kukaushia tumbaku, akaanza kuwafundisha kusoma kwa kitabu pekee alichokuwa nacho, Biblia. Hivyo ndivyo shule yetu ilivyoanza. Alifundisha miaka ishirini na minane bila cheti.

Mimi ni mmoja wa aliowafundisha. Yeye ndiye aliyembembeleza baba yangu mpaka akakubali niende sekondari. Nikaenda, nikafika hadi chuo cha ualimu, nikarudi na cheti changu kwenye bahasha. Wiki ileile wakaguzi wakapita, wakasema asiye na cheti asishike darasa tena. Nikapewa darasa lake. Asubuhi ile nilipoingia, alinikabidhi chaki mkononi, akatoka. Sikusema asante, wala samahani. Tuliishi kijiji kimoja zaidi ya miaka ishirini tukisalimiana kwa adabu tu, mpaka binti yake Eunike, muuguzi huko London, alipokuja kumchukua. Siku aliyoondoka nilijifanya naumwa.

Kwa hiyo kamati ya shule iliponituma nikamwombe ridhaa ya kuandika jina lake kwenye madarasa mapya, kila mtu alidhani ninatetemeka kwa sababu ya ndege.

Dar hadi Heathrow

Ndege nayo ilinitetemesha, nisidanganye. Niliketi karibu na Mzungu mmoja mrefu ambaye magoti yake yalikuwa hayana pa kwenda. Ndege ilipoanza kukimbia nilifumba macho, nikaanza kuomba kwa sauti, nikiwataja rubani, matairi na wote waliokuwemo. Yule bwana akawa anaitikia, "Amina, amina!" Moyo wangu ukafurahi. Nikaongeza maombi. Nikamwombea na mama yake. Akazidi: "Amina, amina!"

Tulipotulia angani aligeuka, jasho linamtiririka. Ndipo nikamsikia vizuri. Kumbe hakuwa akisema amina. Alikuwa akijaribu kuanza sentensi, "I mean, I mean," na kila akianza namkatiza kwa maombi. Alitaka kuniambia nimemshika mkono na nimeubana sana. Nikamwachia. Alama za kucha zangu zilikuwepo. Akaniangalia, akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu akanirudishia mkono mwenyewe, akisema kwamba tukianza kutua nitauhitaji. Tulitua tumeshikana.

Heathrow hadi Stratford

Elisha, mtoto wa dada yangu, aliahidi kunipokea. Nikatoka na sanduku langu, nikawaona watu wamejipanga wameshika vibao vya majina. Kimoja kilisema LEAH. Nikasema, ona adabu ya kijana wetu, amekosea herufi lakini ametuma mtu! Nikamfuata dereva yule mwenye suti nyeusi. Nikamweleza habari zote za Itobola, yeye akitikisa kichwa kwa heshima. Tulipofika kwenye gari akafungua mlango, akaniuliza, "Na mbwa yuko wapi?"

"Mbwa gani?"

"Mbwa wako, mama."

Nikamwambia mbwa wangu yuko Itobola analinda kuku. Tukatazamana. Akatoa karatasi, kumbe Leah wake alikuwa bibi mmoja anayesafiri na mbwa mdogo. Basi ikawa mbio za kurudi, yeye mbele na sanduku langu, mimi nyuma nimeshika gauni. Leah mwenyewe tulimkuta amekasirika, mbwa naye amekasirika. Nikawaomba radhi wote wawili.

Elisha alifika baada ya saa moja na nusu, akihema, akisema treni ilisimama ndani ya shimo. Sikumwelewa mpaka yetu nayo iliposimama ndani ya shimo, maana huko treni hupita chini ya ardhi. Watu hawakushtuka, wala hakuna aliyesema neno. Mimi, nilivyofundishwa, nilipoingia behewani niliwasalimia wote kwa Kiingereza changu cha kitabu. Kimya. Elisha akaninong'oneza, "Mama mdogo, hapa hawasalimiani."

"Hata wakiwa wamefungiwa shimoni pamoja?"

"Hasa wakiwa shimoni."

Lakini mzee mmoja aliyekaa pembeni alivua kofia akaniitikia. Nikamshukuru mbele ya wote.

Kwa Elisha, Stratford, mkewe Joyce alikuwa ameniandalia ugali, mchicha wa nazi na samaki, nikasahau kwamba nimesafiri. Watoto wao wawili wanaelewa kila neno la Kiswahili na hawasemi hata moja. Nawauliza, "Mmeshiba?" wananijibu kwa Kiingereza. Nawaambia, "Njooni niwasimulie," wanakuja mbio. Tuliongea hivyo siku mbili, kila mtu kwa lugha yake, na hatukugombana.

Usiku wa pili Eunike akapiga simu. Nilimsikia akipunguza sauti. "Dada Leya, mama amekubali kukuona. Jumamosi, saa nane mchana. Lakini unamjua. Akisema saa nane ni saa nane."

"Amesema nini kingine?"

"Ameuliza kama safari hii huumwi."

Sikulala vizuri.

Stratford hadi Wembley

Jumamosi Elisha alikuwa na shifti, na Joyce pia. Mwalimu Dorkasi anaishi Stanmore, upande wa pili kabisa wa jiji, lakini Elisha alisema sina haja ya kuogopa. "Mama mdogo, laini ya kijivu kwenye ramani ya treni inaanzia hapa Stratford na inaishia Stanmore. Unaingia mwanzo, unatoka mwisho. Hata mtoto hapotei."

Nikaingia mwanzo. Nilivaa kitenge changu cha kwaya chini ya koti zito la Joyce. Mkobani nilikuwa na chupa ya asali ya Itobola. Niliondoka mapema sana ili nisichelewe. Njiani treni ikazidi kujaa watu wenye skafu nyekundu, wanaume kwa wanawake, wakicheka kwa sauti. Nikajiambia, kumbe Jumamosi wanaongea.

Halafu sauti ikatoka juu, ikisema treni hii inaishia hapa, watu wote washuke. Nikatazama saa: bado mapema. Nikasema, asante Mungu, nimefika mwisho. Nikashuka.

Wenzangu, hapakuwa Stanmore. Ilikuwa Wembley Park. Ile ilikuwa mwisho wa treni tu, haikuwa mwisho wa laini, jambo ambalo Elisha hakulitaja na mimi sikulijua. Nilichojua ni kwamba nimebebwa. Sikutembea hata kidogo. Watu wale walinichukua kama maji yanavyochukua kijiti, tukatoka stesheni, tukateremka ngazi pana, na mbele yangu nikaona barabara nzima imejaa watu, na mwisho wa barabara jengo kubwa lenye tao juu yake. Wote wanaimba, wameinua mikono.

Nikadhani ni mkutano wa injili.

Msinicheke. Watu wanaimba wameinua mikono, wengine wanalia, mmoja amepiga magoti akabusu ardhi. Ningefikiri nini? Nilishangaa tu kwamba tunaambiwa Ulaya hawasali siku hizi. Nikainua mikono yangu nami. Maneno sikuyajua ila tuni ilikuwa nyepesi, nikaitilia sauti ya pili. Jamaa mmoja mwenye tumbo kubwa akafurahi mno, akavua skafu yake akanivisha shingoni, akanikumbatia. Nikamuuliza, "Mhubiri ni nani leo?" Akanitajia jina la mchezaji, nikalipokea kama la mchungaji. Nikasema, "Mungu ampe nguvu."

Akajibu, "Atazihitaji, mama. Beki zao ni ngumu."

Hapo nikaanza kuelewa. Nikageuka nirudi, nisiweze. Nikatafuta simu, imezimika. Nikatazama saa, imebaki nusu saa. Nikasimama katikati ya watu wale wote, na skafu yao shingoni, nikasema kwa sauti, "Ee Yesu wangu, nimepotea, na leo tena nitachelewa kwa Mwalimu!"

"Dada! We' Mswahili?"

Aliyeniita alikuwa mama wa makamo, amevaa hijabu nyeusi na juu yake koti la rangi ya chungwa la wanaoelekeza watu uwanjani. Nilimrukia kama ndugu yangu wa tumbo moja. Jina lake Bi Salma, mtu wa Pemba, na yuko London tangu ujana wake, walipokimbilia huko na mumewe.

"Wenda wapi?"

"Stanmore. Nimeambiwa nishuke mwisho."

"Lo! Mwisho wa treni s'o mwisho wa laini, dada'angu. Hapa Wembley." Akanitazama juu mpaka chini, kitenge, koti, skafu. "Na mbona wawashangilia hawa? Wafungwa mabao kila mwaka."

Nilipoanza kulia akanikamata mkono. Nikamweleza kila kitu pale pale, darasa, cheti, chaki, ugonjwa wa uongo. Alinisikiliza huku akiwaelekeza watu kwa mkono wa pili: kulia, kushoto, kulia. Akasema, "Peke yako sikuachi, utapotea tena. Shifti yangu yesha saa tisa. N'ngojee, twende sote."

"Lakini ameniita saa nane!"

"Ushachelewa miaka thalathini. Saa mbili ni kitu gani?"

Akanipeleka kwenye duka la mzee mmoja Mhindi, jirani yake, nikae nichaji simu. Mzee yule aliposikia nimetoka Itobola akaacha wateja wamesimama. Kazaliwa Tabora. Kiswahili chake ni cha kwetu kabisa, hata kile cha kuvuta maneno. "Itobola! Baba alikuwa anapeleka chumvi kule kwa lori. Alikuwa anasema, ukimaliza barabara, endelea tu." Akanipa chai ya tangawizi na kachori nne, akakataa malipo, akaniuliza kama bado kuna ule uyoga mkubwa wakati wa masika. Nilipomwambia upo, akaanza kupangusa kaunta iliyokuwa safi tayari.

Simu ilipowaka nilimpigia Eunike. Akaguna. "Dada, mama ameshafunga mlango."

Wembley hadi Stanmore

Ni vituo vichache tu. Bi Salma alizungumza njia nzima ili nisifikiri, na kila kituo alinishika goti: "Hapa sipo. Usishuke." Stanmore ni pahali pametulia, nyumba zimepangana, miti haina majani, mvua inanyesha ile nyembamba isiyo na kelele. Tulifika mlangoni saa kumi kasoro dakika kumi. Nikabisha hodi. Mlango ukafunguka kidogo, Eunike akatoa kichwa, uso umembana kwa kicheko anachokizuia.

"Karibuni, dada zangu. Ila mama amesema..." Akatoa mkono. Ameshika kopo la kumwagilia maua. "Amesema mchelewaji anajua kazi yake."

Wale mliosoma kwa Mwalimu Dorkasi mnaijua. Aliyechelewa haingii mpaka amwagilie maua. Nilikuwa na miaka hamsini na sita, ni mwalimu mkuu, nimevuka bahari, na mvua ilikuwa ikinyesha. Nikapokea kopo.

Bustani ilikuwa na vyungu vitano na ua moja linalojitahidi. Nikamwagilia. Mvua inamwagilia, na mimi namwagilia. Bi Salma alisimama kidogo akitazama, kisha akavua glavu. "Nipe na mie. N'liyekuchelewesha ni mie." Akachukua chungu cha mwisho. Jirani alifungua dirisha la ghorofani akatutazama, wanawake wawili, mmoja na skafu ya mpira, mmoja na koti la uwanjani, tunamwagilia maji kwenye mvua. Akafunga dirisha taratibu.

"Dada," Bi Salma akasema, "mwalimu wako huyu n'shampenda."

Ndipo nikamwona. Alikuwa ameketi nyuma ya kioo cha dirisha, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, nywele nyeupe kabisa, uso umekazwa kama siku ya mtihani. Lakini mabega yalikuwa yakitikisika. Alikuwa anacheka.

Kwa Mwalimu

"Umenenepa," lilikuwa neno lake la kwanza.

"Ndiyo, Mwalimu. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Na huyu ni nani?"

"Naitwa Salma, bibi. Nami nimemwagilia."

"Basi kaa."

Eunike alileta chai, wali, maharage na kuku. Nikatoa asali. Mwalimu alifungua chupa, akainusa muda mrefu, akatia kijiko kwenye chai yake na kimoja kwenye chai ya Bi Salma. Mimi hakunitilia. Nikajua bado.

Bi Salma, ambaye haogopi mtu, alimuuliza aliwezaje kukaa porini miaka yote ile. Mwalimu akanyooka kitini.

"Mwaka wa kwanza hatukuwa na ubao," alisema. "Nilimwomba Zakaria ang'oe mlango wa nyumba yetu. Akaniuliza, na fisi je? Nikamwambia fisi hawajui kusoma, watoto ndio wanataka kujua. Aling'oa. Tukaupaka masizi na majani ya muhogo yaliyopondwa. Msimu mzima tulilala bila mlango, tumeegemeza mtungi mlangoni. Fisi waliingia mara mbili. Mara ya pili walichukua kiatu cha Zakaria, akahubiri Pasaka na kiatu kimoja."

Bi Salma alikuwa ameziba mdomo kwa kucheka.

"Chaki nazo hatukuwa nazo. Tuliandikia makopa, ile mihogo mikavu. Inaandika vizuri. Ikaja njaa. Asubuhi moja nikaingia darasani, nikakuta chaki zote hazipo, na watoto wote wana midomo myeupe. Sikumwadhibu mtu. Nilifundisha mwezi mzima kwa mdomo. Mstari mmoja kwa siku, wanaukariri mpaka nyumbani. Na watoto wale wote walipona. Hayo ndiyo niliyomwomba Mungu, kwanza wapone, kusoma baadaye. Akanipa yote mawili."

Hapo sikuweza kukaa kitini tena. Nikapiga magoti kwenye zulia la Eunike. Maneno niliyoyaandaa ndege nzima yalinipotea. Nikasema tu, "Mwalimu, nilichukua darasa lako."

"Najua. Nilikuwepo."

"Sikukuomba radhi."

"Hilo nalo nalijua."

Nikalia. Hakuniambia ninyamaze. Aliponiona nimepunguza, akaanza kusema, polepole, na hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama chai.

"Nilikasirika misimu miwili ya mahindi. Zakaria alikuwa ananiambia kila jioni, mama Eunike, samehe. Namwambia, bado sijamaliza. Halafu siku moja nilikuwa nachuma mboga za mchunga nyuma ya darasa, nikakusikia unafundisha habari za mwana mpotevu. Leya, ulikuwa unafundisha vibaya! Watoto wamelala. Baba yule anakimbia kumlaki mwanawe na wewe unasoma kama unasoma tangazo la chanjo. Nikakaa chini ya dirisha, nikawa nakusahihisha kimoyomoyo. Kesho yake nikarudi. Mwaka mzima nilikuwa narudi."

"Mwaka mzima, Mwalimu?"

"Ulifikiri mchunga unaota mwingi hivyo?"

Eunike alisimama na birika mkononi. Hata yeye hakuwa anajua.

"Kulikuwa na yule mtoto wa Kabula, aliyekuwa hawezi kusoma. Mimi alinishinda miaka miwili. Siku moja nikakusikia unamwita mbele. Akasoma mstari wote, mpaka nukta. Nililia kule nje, kikapu changu cha mchunga kimemwagika. Nikaenda nyumbani, nikamwambia Zakaria, nimemaliza."

Bi Salma ndiye aliyeuliza: "Na mbona hukumwambia, bibi?"

"Anayechelewa ndiye anayebisha hodi. Nilikuwa nangoja." Sasa akanitazama. "Darasa halikuniuma tena, Leya. Kilichoniuma ni siku ile naondoka. Ulisema unaumwa, na nilikuona dirishani."

"Nilikuwa naona aibu."

"Mimi nilikuwa natafuta uso mmoja tu wa kuaga." Akavuta kikombe changu, akatia asali, vijiko viwili, vitatu, mpaka chai ikawa uji. "Haya inuka. Magoti yako si ya kitoto."

Niliinywa yote. Ilikuwa tamu hata meno yaliniuma. Nikaanza kucheka, naye akaanza, na tukacheka tukishikana mpaka Eunike akaondoa vikombe mezani kwa usalama.

Baadaye nikakumbuka kazi ya kamati, nikamweleza habari za jina lake ukutani. Akapunga mkono kama anafukuza nzi. "Jina langu la nini ukutani? Ukuta ule mkiupaka rangi nimekwisha. Kama mnataka kunipa kitu, nipeni darasa la kwanza. Dakika ishirini."

Jumatatu asubuhi, Stanmore

Nililala kwa Eunike siku mbili. Mwalimu Masanja, makamu wangu, nilimpangia kwa simu: saa moja asubuhi ya London, ambayo ni saa nne kwetu, darasa la kwanza wakae, simu iwekwe kwenye spika ya kanisa. Picha isingewezekana kwa mtandao wetu. Sauti tu.

Nilimwambia Mwalimu kwamba hawatamwona, anaweza kukaa na kanzu yake ya kulalia. Aliniangalia kwa huruma. Alivaa gauni la bluu lenye kola, viatu vyeusi vilivyong'arishwa, na saa ya mkononi ambayo Eunike alisema haijatoka sandukuni tangu afike. Akasimama katikati ya sebule, akiegemea fimbo, mbele ya simu iliyokuwa mezani. Bi Salma alikuja na mandazi, akasema hii hawezi kuikosa. Sisi watatu tukakaa nyuma kwenye kochi, mikono magotini.

"Hamjambo, watoto?"

"Hatujambo, Mwalimu! Shikamoo, Mwalimu!" Sebule ikajaa Itobola. Nikasikia mpaka jogoo.

Akawasomea kwanza zaburi fupi, kwa kichwa. Akawauliza majina ya walioketi mstari wa mbele, akayarudia moja moja bila kukosea. Kisha akasema leo tunajifunza herufi moja tu, ile ambayo mtu hufunga mdomo kabla ya kuitamka. Wote wafunge midomo. Wakafunga, tukasikia kimya cha watoto sitini. Sisi nasi tulikuwa tumefunga. "Sasa fungueni. Ma!"

"MA!"

"Me!"

"ME!"

"Mi!"

"MI!"

"Mo!"

"MO!"

Simu ikakata.

Nilirukia simu. Hakuna. Nikapiga, haipatikani. Nikapiga tena. Eunike akasema, "Mama, kaa kwanza." Akakataa, mwalimu hakai katikati ya somo. Dakika tano, kumi. Bi Salma akaenda akasimama karibu naye bila kumgusa. Dakika kumi na tano. Nikamwambia, "Mwalimu, saa hizi kengele ya uji imeshalia kule. Watoto watakuwa wametoka. Tujaribu kesho."

"Piga," akasema.

Nikapiga. Ikaita. Masanja akapokea, anapiga kelele kushinda upepo: "Mwalimu Leya! Nimewatoa wamekataa! Uji unapoa na hakuna aliyenyanyuka. Wanasema imebaki moja!"

Mwalimu Dorkasi aliinua mkono wenye fimbo, kana kwamba ubao uko pale ukutani kwa Eunike. Alifunga mdomo. Akaufungua, lakini sauti haikutoka, akatikisa kichwa, akanionyesha mimi kwa kidole.

Nikasimama kando yake, nikainamia simu. "Haya, watoto. Mwalimu wenu anasema..."

Hawakungoja.

"MUUU!"

Kikombe kililia juu ya sahani. Bi Salma aliruka, na jirani wa ghorofani akafungua dirisha. Mwalimu Dorkasi akakaa chini kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akarekebisha kola yake.

"Vizuri," alisema. "Waambie wakanywe uji."